Wakimbizi Mlangoni pa Msitu

Katika saa za mwanzo za gemu ya kompyuta iitwayo Baldur's Gate 3, mchezaji hufika kwenye lango la msitu mtakatifu. Wenyeji wa msitu huo ni madruidi, watu walioapa kutunza miti na wanyama. Humo ndani wamejibanza wageni wenye pembe na mikia, waitwao matifling, wazee kwa watoto, waliofukuzwa mji wao wa Elturel baada ya kusingiziwa kwamba maafa yaliyoupata mji ule yalitokana na damu yao. Wanataka kufika mji mkubwa ulio mbele, lakini barabara imetekwa na magenge ya magoblini. Wenyeji wamewachoka. Mkuu wao, Halsin, hayupo. Aliyeshika nafasi yake, Kagha, ameamuru wageni waondoke, na wenzake wameshaanza tambiko la kuufunga msitu kwa miiba ili mtu asiingie wala asitoke. Mtoto mmoja wa wageni amekamatwa na sanamu ya ibada aliyoiiba ili tambiko likwame, na Kagha amemwekea nyoka mbele yake. Mchezaji anaingia hapo akiwa na wenzi wake, na kila neno atakalolitamka lina matokeo: mtoto anaweza kuachiwa, na anaweza kufa.

Mamilioni ya watu wamelipita tukio hilo tangu gemu hiyo ilipotoka rasmi Agosti 3, 2023, na wamelijadili kwa mapana na marefu. Sasa tuhame kidogo. Katika sekta ya Kanzenze, wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, kuna mahali paitwapo Nkamira, kilipo kituo cha muda cha kuwapokea wakimbizi wanaovuka kutoka mashariki mwa Kongo. Kilipokea watu mwaka 2012, kabla hawajahamishiwa kambi ya Kigeme, na kimepokea wengine tangu mwishoni mwa 2022, ambao wengi wao walipelekwa baadaye kambi ya Mahama, mashariki kabisa mwa nchi. Mtu aliyekulia Kanzenze hahitaji kuelezwa maana ya umati wa wageni waliobeba magodoro kichwani. Hoja yangu ni kwamba maoni ya wachezaji yamekwisha kuwa sehemu ya kazi ya kuziunda gemu za aina hii, kwamba kila mchezaji hutoa maoni yake kutokana na maisha anayoyajua, na kwamba kukosekana kwa sauti za watu kama hao wa Kanzenze kumeipunguzia gemu iliyosifiwa sana duniani nguvu mahali pale pale ilipoihitaji zaidi.

Kwa msomaji asiyezijua gemu hizi, asili yake ni mezani. Mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, mmoja wao akiwa msimulizi, na dadu huamua kama jambo analolijaribu mtu limefaulu. Kompyuta zilipoenea, mchezo huo ukahamia humo: msimulizi akawa programu, na wale waliokuwa wakiketi nawe mezani wakawa wahusika wenye sauti, tabia na siri zao. Kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Baldur's Gate ya kwanza Desemba 1998, ambamo mchezaji aliongoza kundi la watu sita. Toleo la pili, la mwaka 2000, liliwapa wenzi hao maneno mengi zaidi, ugomvi wao kwa wao, na hata mapenzi. La tatu halikutengenezwa na BioWare. Lilitengenezwa na Larian, studio ya mji wa Gent, Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kuongozwa na Swen Vincke. Kundi likapunguzwa hadi watu wanne kwa wakati mmoja, na mapigano yakawa ya zamu: wewe unatenda, kisha adui anatenda, na dadu yenye pande ishirini inabingirika mbele ya macho yako.

Jambo linaloitofautisha gemu ya kundi na gemu nyingine ni kwamba ndani yake hauko peke yako katika kuamua. Ukimdanganya mkimbizi, ukimsamehe mwizi, ukimkejeli kuhani, maandishi madogo hujitokeza pembeni mwa skrini kukwambia kwamba mwenzi wako Shadowheart amependezwa, au kwamba mwingine, Lae'zel, hakupendezwa. Hukumu hizo hujumlishwa kimyakimya. Zikipanda, mwenzako anakufungulia moyo na kukusimulia yaliyompata. Zikishuka mno, anaweza kukukabili au kukuacha njiani. Kwa hiyo hata anayecheza usiku peke yake chumbani anacheza mbele ya baraza dogo linalomhukumu. Ndiyo maana maoni ya wachezaji kuhusu gemu hizi huwahusu wenzi kabla hayajahusu panga na uchawi. Watu huandika kurasa nzima kuhusu Astarion, mtumwa wa mnyonya damu aliyeteswa karne mbili, na kama ni haki kumsaidia awe mtesaji naye. Wanabishana kama Gale, mwenzi mwingine, ni mpole au ni mtu anayejipenda tu. Mabishano ya namna hiyo ni ukosoaji wa fasihi, hata kama wanaoyaendesha hawayaiti hivyo, na yanastahili kusomwa kwa makini uleule ambao watu wa fasihi huupa mjadala kuhusu wahusika wa riwaya.

Maoni hayo hayakuishia hewani. Larian iliuza sehemu ya kwanza ya gemu kama toleo la majaribio kuanzia Oktoba 6, 2020, karibu miaka mitatu kabla ya gemu kukamilika, na ikawasikiliza wanunuzi muda wote huo. Wachezaji walilalamika kwamba wenzi walikuwa na ndimi kali mno, kila mmoja akikubeua tangu siku ya kwanza, na studio ikawalainisha. Wyll, mwenzi aliye mwana wa mtawala na aliyeingia mkataba na shetani, alionekana hana uzito. Hadithi yake ikaandikwa upya na mwigizaji wa sauti akabadilishwa. Halsin, yule mkuu wa madruidi aliyetoweka, awali hakupangwa kusafiri na mchezaji. Wachezaji walimpenda, wakamtaka, naye akapewa nafasi katika kundi. Mhusika mzima aliingia safarini kwa sababu watu wasioijua ofisi ya Gent ilipo walisema wanamhitaji.

Kisa cha Karlach kinaonyesha jambo hilo kwa karibu zaidi. Huyu ni mwanamke wa kitifling aliyeuzwa na mtu aliyemwamini. Akapelekwa kuzimu, moyo wake ukatolewa, ikawekwa mashine ya moto mahali pake. Ametoroka baada ya miaka kumi ya vita ambavyo havikuwa vyake, lakini joto la mashine ile humuunguza kila anayemgusa, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya safari hawezi hata kumkumbatia mtu. Pamoja na hayo ndiye mchangamfu kuliko wote kundini. Wachezaji waligundua kwamba hakuna namna ya kuitengeneza mashine hiyo idumu: afe akiungua, ageuzwe kiumbe kingine, au arudi kuzimu alikoteswa. Wengi walikubali huzuni hiyo. Walichokikataa ni ufupi wake. Mtu waliyesafiri naye saa mia moja aliagwa kwa dakika chache, kwenye gati, na hadithi ikapita. Malalamiko yalikuwa makubwa. Wiki nne baada ya gemu kutoka, mwishoni mwa Agosti 2023, Larian iliongeza tamati mpya ya Karlach. Novemba 30 ya mwaka huo ikaongeza hitimisho kamili la gemu: karamu ya usiku inayofanyika miezi sita baada ya vita, ambapo wenzi wote waliobaki hukutana tena na kila mmoja hueleza maisha yamempeleka wapi. Siku chache baadaye gemu ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Inafaa kuzingatia kile wachezaji walichokidai hapa. Hawakudai silaha mpya. Walidai muda wa kuagana, na wakapewa.

Basi turudi mlangoni pa msitu. Mchezaji ana njia mbili kubwa. Anaweza kuwaangamiza viongozi watatu wa magoblini, na wakimbizi wakasherehekea kambini kwake. Au anaweza kuungana na Minthara, kamanda wa magoblini, wakauvamia msitu na kuwaua wakimbizi na wenyeji pamoja. Akichagua la pili, Wyll na Karlach wanamwacha, na Halsin anampoteza. Maoni ya wachezaji juu ya njia hii ya pili yalifanana kwa namna ya kushangaza: walisema ni njia fukara. Unapoteza wenzi watatu, unapoteza hadithi zote ambazo wakimbizi wangekuletea baadaye, na unachokipata ni Minthara pekee. Studio ilisikia. Baadaye iliruhusu Minthara apatikane hata kwa mchezaji aliyeuokoa msitu, mradi asimuue vitani, na Septemba 2024 ikaongeza tamati mpya kwa wanaocheza upande wa uovu. Kwa mizani ya mchezo, malalamiko yale yalikuwa ya haki. Njia ambayo studio inakuuzia kama uchaguzi haipaswi kuwa adhabu tupu.

Lakini yatazame yamezungumzia nini. Yamezungumzia faida na hasara ya mchezaji: mwenzi gani atapotea, silaha gani itapatikana, saa ngapi za hadithi zitafutika. Hili halitokani na ukatili. Mtu ambaye hajawahi kuona watu wakivuka mpaka na watoto migongoni atalitazama lango la msitu kama fumbo la kimchezo, kwa kuwa hana kingine cha kulipimia. Mtu wa Rubavu anacho. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walipita Gisenyi, mji wa Rubavu ulio mpakani, kwa siku chache wakielekea Goma, upande wa Kongo. Mwaka 1997 kambi ya wakimbizi wa Kikongo ya Mudende, katika wilaya hii hii, ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, na mamia ya waliokuwa wamekimbilia usalama wakauawa. Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na watu wa Goma wakavuka usiku huo huo kwa maelfu. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, walivuka tena. Upande wa mapokezi na upande wa kukimbia, watu wa hapa wanazijua pande zote, na mara nyingi ni familia ile ile iliyowahi kuwa pande zote mbili.

Mchezaji mwenye historia hiyo angeuona udhaifu mmoja wa tukio la msitu ambao mjadala mkubwa umeugusa kidogo sana. Kagha, anayetaka kuwafukuza wageni, ana hofu ambayo mwanzoni inaeleweka. Msitu ni mdogo, wageni ni wengi, maadui wanawafuata wageni hao, na wenyeji wanaweza kufa kwa ajili ya watu wasiowajua. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini msitu wa madruidi hauna shamba la kumpa mgeni jembe. Hapo hadithi ilikuwa imeshika jambo zito. Kisha inaliachia. Mchezaji akichunguza, anagundua barua ya siri inayoonyesha kwamba Kagha anashirikiana na kundi la madruidi wa giza wanaotaka kuuteka msitu. Hofu ya mwenyeji inageuka kuwa njama. Halsin akirudi, mtu mwema asiye na doa, tatizo linayeyuka: wabaya wameonekana, wema wameshinda, karamu ifanyike. Lakini katika maisha, mwenyeji anayenung'unika kwa sababu ya maji, kuni na nafasi darasani si lazima awe ametumwa na mtu. Anaweza kuwa mwema, akawa amempokea mgeni kwa mikono miwili, na bado akachoka. Hadithi ambayo ingembakisha Kagha bila njama, mwoga kwa sababu za kweli, ingemlazimisha mchezaji afanye kazi ngumu kuliko kupata barua chini ya mti: angelazimika kuwapatanisha watu wawili ambao wote wana haki.

Kuna mahali pengine katika gemu hiyo panaposogea karibu zaidi na ukweli huo. Katika sehemu ya tatu, mchezaji hufika kitongoji cha Rivington, nje ya mji wa Baldur's Gate, na kukuta wakimbizi wamerundikana kwenye mahema na mazizi kwa sababu daraja la kuingia mjini limefungwa kwa asiye na kibali. Askari wanakagua. Wenye nyumba wanagomba na waliojihifadhi kwao. Hakuna barua moja inayofichua mbaya wa hali nzima. Kuna karatasi, daraja na foleni. Wachezaji wengi hupita hapo haraka wakikimbilia mjini kwenye vita vya mwisho, na maoni yao kuhusu sehemu ya tatu yamejaa habari za kompyuta kukwama na hadithi zilizokatishwa. Kwa mkazi wa Gisenyi, ambaye katika siku za amani huona makumi ya maelfu ya watu wakipita kizuizi kidogo cha mpaka wakienda Goma na kurudi, foleni ya Rivington haiwezi kuwa mahali pa kupita haraka. Maoni yake yangeiambia studio: hapa ndipo mlipoandika vizuri, ongezeni.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni zito. Mtu atasema kwamba kuweka Mudende na gemu ya kompyuta katika makala moja ni kukosa adabu kwa waliokufa. Nalielewa pingamizi hili, na ningelikubali kama ningekuwa nadai kwamba mambo hayo mawili yanalingana. Hayalingani. Ninachodai ni kwamba gemu imekwisha kuchukua mauaji ya wakimbizi na kuyafanya kitufe ambacho mchezaji anaweza kukibonyeza, na mamilioni wameshakabidhiwa kitufe hicho. Adabu kwa waliokufa haitimizwi kwa kuwaachia wasiojua peke yao kazi ya kusema kama jambo hilo limeandikwa kwa uzito unaostahili. Riwaya na tamthilia za Kiswahili zimehukumiwa kwa kipimo hicho miaka yote. Hadithi iliyobadilisha chombo haijapata msamaha wa kutopimwa.

La pili linahusu maoni yenyewe: kwamba ni kelele, chuki na mkumbo. Ushahidi wa hili upo, na wa karibu kabisa na sisi. Aprili 2024 studio ya Surgent ilitoa Tales of Kenzera: ZAU. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu walikuwa wameshaisikia sauti yake kama Bayek katika Assassin's Creed Origins. Si gemu ya kundi. Ni ya kuruka na kupigana, kuhusu Zau, mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Salim aliitunga kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe, na dunia yake imefumwa kwa ngano za Kibantu. Baada ya kutoka, yeye na wenzake walishambuliwa kwa matusi ya kibaguzi kiasi kwamba alilazimika kujitokeza hadharani kwa video kuyajibu. Wengi wa waliotukana hawakuwa na la kusema kuhusu mchezo. Miezi michache baadaye studio ikaanza kupunguza wafanyakazi. Mtu akiniuliza kwa nini nayasifia maoni ya wachezaji baada ya hayo, namjibu kwamba katika lundo lile lile kulikuwa na maoni ya kweli: kwamba muziki unagusa, kwamba mazungumzo ya Zau na Kalunga kuhusu kufiwa ni ya kina, kwamba mapigano ni mepesi mno na njia imenyooka kupita kiasi. Aprili 2025 gemu hiyo ilipewa tuzo ya BAFTA ya gemu iliyovuka burudani. Matusi yalikuwa mengi. Hukumu nzito ilikuwapo pia, na ndiyo iliyodumu.

Wenye maduka wenyewe wamejifunza kutenganisha matusi na hukumu. Steam, duka kubwa zaidi la gemu za kompyuta, lilianza mwaka 2017 kuonyesha mchoro wa maoni kwa tarehe, ili mnunuzi aone kama wimbi la lawama limekuja ghafla kwa sababu isiyohusu mchezo. Mwaka 2019 likaanza kuyaondoa mawimbi hayo katika hesabu. Tovuti ya Metacritic, Julai 2020, iliweka saa 36 za kusubiri kabla mtu hajaruhusiwa kutoa alama, kwa sababu watu walikuwa wakihukumu gemu ndefu ambayo hawakuwa na muda wa kuimaliza. Hatua hizi hazitoshi. Dragon Age: The Veilguard, gemu ya kundi kutoka BioWare iliyotoka mwishoni mwa Oktoba 2024, ilipigwa na mawimbi mawili kwa pamoja, la chuki dhidi ya wahusika wake na la wakosoaji waliosema kwa haki kwamba wenzi wake hawagombani, hawapingi, wanamkubalia mchezaji kila kitu. Kampuni ya EA, mmiliki wa BioWare, ilitangaza Januari 2025 kwamba wachezaji walikuwa milioni 1.5, karibu nusu chini ya matarajio. Ninaamini lile wimbi la pili lilisema kweli, na linaithibitisha hoja ya baraza dogo: ukiliondoa baraza linalomhukumu mchezaji, unaiondoa roho ya aina hii ya gemu.

Wapo pia wanaoona kwamba mwandishi anayewasikiliza wasomaji katikati ya kuandika huharibu kazi yake. Sitalichelewesha hili. Masimulizi ya mdomo yamekuwa yakisikiliza hadhira tangu zamani, na Larian haikuandika kila ilichoambiwa. Mapigano ya zamu yalilalamikiwa na wapenzi wa matoleo ya zamani tangu siku ya kwanza, na studio ikayashikilia.

Pingamizi linalonisumbua ni la mwisho: Kanzenze na gemu hii, wapi na wapi? Baldur's Gate 3 inahitaji nafasi ya gigabaiti 150 na kompyuta yenye nguvu. Iliuzwa dola 60 ilipotoka. Maandishi yake yapo kwa lugha zaidi ya kumi, kuanzia Kifaransa hadi Kituruki na Kiukreni, na hakuna hata moja ya Afrika. Ni kweli, na kweli hiyo inawazuia wengi. Lakini wengi pia huzijua gemu hizi kwa kuwatazama wengine wakizicheza kwenye YouTube, kwa simu, kipande kwa kipande, na anayetazama hadithi hadi mwisho anaweza kuihukumu hadithi. Vijana wa Gisenyi wanaweza kuisikia kwa Kiingereza au kuisoma kwa Kifaransa, na kuijadili kwa Kiswahili, lugha ya soko lao na ya majirani zao wa Goma, ambayo tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka maoni hayo yakahesabika. Agosti 2025 Steam ilianza kuonyesha alama za gemu kwa kila lugha peke yake, kwa gemu zenye maoni yasiyopungua 2,000, mradi lugha husika iwe na maoni 200. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha ambazo duka hilo huendeshwa kwazo. Mbrazili ana alama yake, Mpolandi ana yake, na wasemaji wa Kiswahili, ambao kwa makadirio ya UNESCO ni zaidi ya milioni 200, wamemezwa ndani ya Kiingereza.

Tales of Kenzera inaonyesha kwamba kizuizi hicho ni cha uamuzi tu. Studio ndogo iliitoa gemu yake ikiwa na sauti za Kiswahili kamili, pamoja na Kiingereza, na mchezaji anaweza kumsikia Kalunga akizungumza kwa lugha ambayo mtoto wa Mombasa au Bukavu hahitaji kutafsiriwa. Kama studio kubwa hazijafanya hivyo, sababu mojawapo ni kwamba hazijaona watu wa lugha hii wakizungumza juu ya kazi zao. Hapo mduara unajifunga: hakuna sauti kwa sababu hakuna lugha, na hakuna lugha kwa sababu hakuna sauti. Mahali pepesi pa kuuvunja ni upande wa sauti, kwa sababu kuandika aya tatu kuhusu Kagha hakuhitaji gigabaiti 150.

Na muda wa kuandika aya hizo unajulikana. Desemba 2025 Larian ilitangaza gemu yake inayofuata, iitwayo Divinity. Gemu zake tatu kubwa za kundi zilizotangulia, Divinity: Original Sin ya 2014, ya pili yake ya 2017, na Baldur's Gate 3, zote zilipita kwanza katika toleo la majaribio, na katika hiyo ya mwisho maoni yaliyokuja mapema ndiyo yaliyobadilisha wahusika, yaliyokuja baadaye yaliambulia tamati na marekebisho. Wyll aliandikwa upya kwa sababu wachezaji walisema kabla ya 2023. Kagha alibaki na barua yake chini ya mti.